Ulezi Mara Mbili kwa Siku

Mumbi mdogo alipovalishwa ile kaptula ya turubai na kuning'inizwa kwenye mizani, hakulia. Hilo ndilo lililomwuma Nanyama kuliko yote. Watoto wengine walipiga mayowe mpaka mabati ya kliniki yakaitika, wakarusha miguu kama kuku anayefungwa kamba. Huyu wake alining'inia tu, kimya, akiitazama sindano ya mizani kama mzee anayengoja habari ambayo ameshaijua.

Sista akasoma, akaandika, kisha akaitazama kadi kwa muda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa pwani, mgeni katika kliniki ile. Kiswahili chake kilikuwa laini, kimenyooka, na wanawake wa Kibera walipenda kumsikiliza hata anapowagombeza.

"Njoo, mwanangu," akamwambia Nanyama. "Waona mstari huu? Wa wenziwe wapanda, wake wateremka. Mwaka na nusu, na uzito wa mtoto wa miezi minane. Anaharisha?"

Nanyama akatikisa kichwa.

"Anatapika?"

Akatikisa tena.

"Hula nini?"

"Mkate," alisema Nanyama. "Na chai. Na ugali kidogo, mweupe." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikambidi sista ainamishe sikio.

Sista akampapasa mtoto tumbo, akamfunua kope na kuchungulia ndani ya jicho, akaguna. "Huyu hana ugonjwa. Amekosa ulezi tu. Mpe ulezi asubuhi, mpe ulezi jioni, nawe utamwona atakavyonawiri."

Kwenye foleni ya nyuma vichwa viligeuka. Mama mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

"Na kama kwako hakuna," sista aliendelea, huku akiandika kwenye kadi, "kamwulize bibi yake. Watu wazima hawakosi ulezi. Haya, anayefuata!"

Mtu mwingine angeuliza. Mtu mwingine angesema, Sista, una maana gani? Lakini Nanyama alikuwa mtu ambaye maswali humfikia mdomoni yakageuka nyuma, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka akitazama vidole vyake vya miguu. Alipofika kwenye mfereji wa maji, pasipo na watu, aliifungua kadi. Shule aliiachia darasa la tano, lakini kusoma alikuwa anajua. Sista alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: *Ulezi, mara mbili kwa siku.*

Akasoma tena. Wanawake wengine wanalea tangu jogoo hadi jogoo, yeye anaandikiwa alee angalau mara mbili. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la leso kabla mtoto hajayaona.

Mtoto huyu hakuwa wa tumbo lake. Alikuwa wa dada yake, Sella, ambaye alikuwa ameolewa na Kihara, fundi wa mbao kutoka Kawangware. Mbukusu wa Bungoma na Mkikuyu wa Kawangware: watu walisema, wakasema, mpaka wakachoka. Sella akajifungua msichana, na kwa desturi ya kina Kihara msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, kwa hivyo akaitwa Mumbi. Nanyama aliletwa kutoka nyumbani aje kumsaidia dada yake. Mtoto alipofika miezi sita, homa ya mapafu ikamwondoa Sella kwa wiki moja tu. Kabla ya kukata roho alimshika Nanyama mkono, akasema, "Usimwache mwanangu." Hakuongeza neno.

Siku ya mazishi, Mumbi mkubwa, mama yake Kihara, ambaye watu wote walimwita Cucu, yaani bibi, alisimama mbele ya waombolezaji. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani, na plot yake ya Kawangware ilikuwa na vyumba tisa ambavyo wapangaji wake walifagia bila kuambiwa.

"Msichana huyu mwenyewe bado ni mtoto," alisema. "Lakini neno la marehemu halitupwi. Nampa mwaka mmoja. Wajina wangu akinenepa, abaki naye. Akikonda, namchukua. Na asilishwe vyakula vyeusi vya kijijini. Uhuru tulipata ili watoto wetu wale mkate."

Tangu siku hiyo Nanyama alimlisha mtoto mkate. Kihara alikuwa amepata kazi Nakuru, akija mwisho wa mwezi, na kwa mama yake hakuwa na neno. Sasa mwaka ulibakiza wiki mbili.

Jirani yake wa Laini Saba, mtaa wao wa Kibera, Wayua, alikuwa mlangoni akigeuza maandazi kwenye karai. "Sasa, Nanyama! Walisema nini huko?"

"Wamesema amekosa ulezi."

Wayua akasimamisha kijiko hewani. "Walikuambia hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya foleni."

"Huyo sista ako na watoto wangapi, yeye?"

"Sijui."

"Si ungemwuliza! Wewe unaogopa hata kuku. Ingekuwa ni mimi, hiyo mizani ningemning'iniza yeye." Akamtupia mtoto kipande cha andazi, mtoto akakishika tu mkononi bila kukila. Wayua akapunguza sauti. "Usimsikize. Mimi nakuona. Usiku huyu akikohoa mara moja, wewe umeshawasha taa."

Lakini maneno ya Wayua yalikuwa ya kirafiki, na ya sista yalikuwa ya kalamu. Nanyama alikaa kitandani akamtazama mtoto akizungusha kile kipande cha andazi. Alifikiri hivi: Sella alisema nisimwache. Lakini hakusema nimfiche mpaka akauke. Kama ulezi uko kwa bibi yake, basi kumpeleka huko siyo kumwacha. Alilirudia jambo hilo mara nyingi, na kila aliporudia lilimwuma vilevile.

Jumamosi asubuhi akamwambia Wayua kwamba anamrudisha mtoto kwa bibi yake, kisha akakunja nguo za mtoto. Mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu, kwa hivyo akatazama huku na huku kitu cha kubeba. Juu ya msumari, karibu na dari, kulikuwa na kifuko cha kitambaa kilichoshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Kilikuwa cha wimbi, nafaka ya uji wa kwao. Mama yake alikituma kutoka Bungoma mwaka uliopita, akampa Shiundu, mtu wa kwao anayefanya kazi ya reli, akilete, pamoja na salamu: la mtoto. Nanyama hakuwahi kukifungua, kwa sababu hakuna chakula cheusi kuliko wimbi, na hakuna cha kijijini kuliko hicho. Akakishusha, akapangusa vumbi. Kuku wa Cucu watakula, alijiambia.

Alitembea. Akapita Jamhuri, akavuka barabara ya Ngong, akashika njia ya Kawangware, mtoto mgongoni, bunda la nguo mkono mmoja na kifuko mkono wa pili. Njia nzima alikuwa akijifundisha sentensi moja: Cucu, nimemleta, nimeshindwa, naomba unisamehe. Alipofika langoni ikawa imebaki nusu.

"Cucu, nimemleta."

"Naona umemleta. Ulitaka aje peke yake?" Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta maharagwe. Akaweka ungo chini, akampokea mtoto, akampandisha na kumshusha mara mbili. Mikono yake nayo ilikuwa mizani. "Ngai! Nguo zake ni nzito kuliko yeye."

Kisha akaliona bunda la nguo. Akalitazama, akamtazama Nanyama, akaelewa. Mtu angedhani angefurahi, maana tangu mazishi alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto atarudi kwake. Lakini sura ya yule msichana, pale langoni, miguu imejaa vumbi jekundu, haikuwa sura ya mtu wa kufurahia.

"Keti kwanza," alisema. "Mtu hapokonywi mtoto akiwa amesimama."

Akaleta kibuyu cha uji, ule wa Kikuyu wa kulazwa siku mbili mpaka uchachuke vizuri, akammiminia mtoto kwenye kikombe. "Kunywa, wajina. Hiki ndicho kilichonifanya niwe mrefu." Mumbi mdogo akaonja. Uso wake wote ukakunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, na uji ukarudi moja kwa moja kwenye gauni la bibi yake.

"Huyu ni Mbukusu," alisema Cucu, akijipangusa. "Haya, niambie. Kliniki walisema nini?"

"Walisema amekosa ulezi."

Kuku mmoja akaja akadonoa haragwe, na hakufukuzwa.

"Nani alisema?"

"Sista. Na ameandika."

"Soma."

Nanyama akaifungua kadi, ingawa hakuihitaji tena. "Ulezi, mara mbili kwa siku."

"Rudia."

"Ulezi, mara mbili kwa siku."

"Mara mbili."

"Ndiyo, Cucu."

"Mimi nimelea watoto sita," alisema Cucu polepole, "na hakuna aliyenipimia kama dawa ya kikohozi. Mtu analea vipi mara mbili kwa siku? Saa zile zingine mtoto anakuwa wa nani?" Kitu kilikuwa kikitembea nyuma ya macho yake. "Huyo sista ni mtu wa wapi?"

"Wa pwani. Mombasa, nafikiri."

Kwanza mabega ya Cucu yakatikisika. Nanyama akadhani analia, akaogopa sana. Kisha kicheko kikatoka, kicheko kikubwa cha tumbo, mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka na mpangaji mmoja akachungulia dirishani.

"Msichana wewe! Nilipokuwa mdogo mimi na mama yangu tulikuwa tukibeba wimbi kwa mgongo mpaka Bazaar, mjini. Kulikuwa na mzee mmoja wa duka, mtu wa Mombasa, na kofia yake nyeupe. Kila tukifika anamwuliza mama yangu, 'Mama, leo umeniletea ulezi?' Mama yangu anarudi nyumbani na hasira! Anasema, huyu mzee mzima anataka nije nimlee, kwani mama yake alienda wapi? Mpaka siku moja yule mzee akaingiza mkono kwa gunia, akashika, akamwonyesha. 'Hii, mama. Hii ndiyo ulezi.'" Cucu akapangusa macho. "Wimbi! Watu wa pwani wanaita wimbi ulezi. Sista amekuambia mtoto apewe uji wa wimbi, asubuhi na jioni. Basi!"

Nanyama hakucheka. Alishusha bunda la nguo kwenye majani, na kitu alichokuwa amekibeba tangu kliniki kikamtoka kifuani kwa pumzi moja ndefu. Ndipo akakumbuka kifuko. Akakivuta, akakiweka miguuni mwa Cucu.

Cucu akakata uzi mwekundu kwa meno. Akatia mkono, akatoa punje ndogo nyekundu-nyeusi, akazichezesha kiganjani. Kicheko kikaisha. "Hii imekaa kwako tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na hukumpikia."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Maneno yalipanda mpaka mdomoni, na safari hii Nanyama hakuyageuza. "Ulisema asilishwe vyakula vyeusi, Cucu. Kwetu sisi sote tumekua na uji huu. Nilitaka kumpikia kila siku, nikaogopa utasema namlisha wajina wako kama mtoto wa kijijini. Nikampa mkate."

Pengine hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Cucu alimsikiliza, akiwa bado ameshika punje.

"Nilisema hivyo?"

"Siku ya mazishi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Mdomo wangu huu," alisema Cucu, na akautazama uwanja kama mtu anayetafuta mahali pa kuuweka. Halafu akakaza uso tena. "Lakini mwaka ni mwaka. Nilisema akikonda namchukua, na amekonda. Sitakuwa mtu wa kutoa neno na kulilamba." Akamsukumia kifuko. "Inuka. Pika nione."

Nanyama akainuka. Jambo la ajabu ni kwamba mbele ya jiko hakuwa na haya. Alichota wimbi kwenye sufuria, akatia maji, akaanza kuliyumbisha kwa mzunguko, taratibu, kama alivyofundishwa na mama yake. Mchanga ni mzito, hutangulia chini. Wimbi husimama na maji. Kila alipoyumbisha alimwaga punje kwenye ungo, akabakisha kidogo chini, akaongeza maji, akarudia. Konzi ya mwisho hakuimwaga.

"Hiyo nayo?" aliuliza Cucu.

"Hiyo ni ya mchanga. Ukiitamani, utatafuna mawe."

Cucu akasogeza kigoda karibu.

Akaanika wimbi kwenye gunia, na jua la saa tano likafanya kazi yake. Lilipokauka akalitia kwenye sufuria kavu juu ya makaa, akalikoroga mpaka likaanza kunukia na punje mbili tatu zikaruka.

"Sasa unalichoma!" alisema Cucu. "Kuna mtu anapika chakula mara mbili?"

"Tunalikaanga kidogo, Cucu. Uji unakuwa mtamu bila sukari."

"Nyinyi watu wa huko. Kitu ambacho hakijapita motoni mara mbili hamkiamini."

"Na nyinyi mnakilaza siku mbili mpaka kikasirike," alisema Nanyama, kisha akashtuka kwa kujisikia. Cucu akageuza uso upande, midomo imebanwa isicheke.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiwe la kusagia, kubwa, lililochimbika katikati kwa miaka. Juu yake palikuwa na jiwe dogo la mkononi, lile wanaloliita mtoto wa jiwe, jeusi, laini kama sabuni iliyotumika. Lilikuwa la mama yake Cucu, yule wa Bazaar. Nanyama akapiga magoti, akasaga. Unga ukatoka wa rangi ya udongo baada ya mvua. Akaukoroga kwanza na maji baridi usije ukafanya madonge, akaumimina kwenye maji yanayochemka, akazungusha mwiko mpaka ukaiva na kuanza kutoa mapovu makubwa ya kivivu. Akatia maziwa ya ng'ombe wa Cucu, akaponda ndizi moja mbivu ndani yake.

Cucu akaleta kikombe mwenyewe. Akamshika mtoto mapajani, akachota kijiko, akapuliza.

Mumbi mdogo akafumba mdomo. Cucu akajaribu tena, akafumba tena, akageuza kichwa akimtafuta Nanyama kwa macho.

"Mshike wewe," alisema Cucu, na kusema hivyo hakukuwa rahisi.

Nanyama akamchukua. Hakumbembeleza kwa maneno. Aliimba chini kwa chini wimbo fulani wa kwao usio na mwisho, akamgusisha kijiko mdomoni, akangoja. Mtoto akalamba. Akafikiri. Akashika kijiko kwa mikono yote miwili, akakivuta. Kijiko cha pili kikaenda, cha tatu, cha saba. Uji ukampaka pua. Kikombe kilipokwisha, akatazama ndani, akaona sehemu ya chini ya bati, na hapo ndipo alipolia: kilio kikubwa, cha hasira, cha mtu mwenye njaa na haki yake. Nanyama hakuwa amesikia kilio kizuri hivyo kwa miezi mingi.

"Mwongeze! Mwongeze, unangoja nini?" alifoka Cucu, huku naye machozi yanamtoka.

Mtoto alipolala, amejaa, tumbo limekuwa kama ngoma ndogo, wanawake wawili walikaa na kile kilichobaki kwenye sufuria. Cucu akakwangua chini kwa kidole.

"Nilisema namchukua," alisema. "Na neno langu silirudishi. Nimemchukua." Nanyama akainamisha kichwa. "Tangu asubuhi mpaka saa hii alikuwa wangu. Kwangu alitema, kwako akala. Sasa nakupa mwaka mwingine, na huu usiuhesabu."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amekumbatia mtoto wa jiwe kwa mikono miwili. Akamwekea Nanyama kwenye kiondo.

"Hili unaenda nalo Kibera. Lile kubwa linabaki hapa. Mimi bila lako siwezi kusaga, wewe bila langu huwezi. Kwa hivyo kila Jumamosi utakuja, utasaga unga wa wiki nzima, na wajina wangu nitamwona. Unga wa ugali pia tutasaga, nasikia nyinyi mnapika ugali wa wimbi mweusi kama usiku. Nataka kuuonja kabla sijafa. Umesikia, Mama Mumbi?"

Nanyama akatazama nyuma kuona ni nani anayeitwa. Hakukuwa na mtu mwingine uwanjani.

"Nimesikia, Cucu," alisema, na Cucu hakulazimika kuinamisha sikio.

Jua lilikuwa bado juu alipofika Laini Saba, mtoto mgongoni, bunda la nguo kichwani, kiondo kikimvuta bega. Wayua alimwona kutoka mbali, akaacha maandazi yaungue.

"Umerudi naye! Si ulisema unaenda kumrudisha?" Akachungulia ndani ya kiondo. "Na hiki ni nini tena?"

"Ni mtoto wa jiwe," alisema Nanyama.

Wayua akaweka mikono kiunoni. "Haya! Mtu ameenda kurudisha mtoto mmoja, amerudi na wawili. Na huyu wa pili naona amenona."